Faili ya Sebuleni Isizunguke Dunia

Hebu tutazame jambo linalotendeka kila jioni katika nyumba nyingi za mijini, iwe ni Buruburu, Kisauni au Kondele. Kaka ameketi sebuleni na kompyuta ya mpakato. Dadake yuko chumbani, hatua kumi kutoka pale, na simu yake ya mkono. Dada anataka video ya mazishi ya nyanya ambayo kaka aliihifadhi. Kaka anaituma kwa WhatsApp. Basi video ile inatoka sebuleni, inapitia mitambo ya kampuni ya mtandao, inafikia kwenye kompyuta za watu tusiowajua, mara nyingi nje ya nchi, kisha inafunga safari ya kurudi hadi chumbani kwa dada. Safari yote hiyo ni ya kuvuka mlango mmoja wa mbao.

Tena si safari ya bure. Anayetumia bando hukatwa mara mbili, kwa kupakia na kwa kupakua. Na isipotumwa kama hati, video hubanwa njiani ili iwe nyepesi, na ikifika uso wa marehemu umeingia ukungu. Nakala hiyo hafifu ndiyo inayobaki katika simu za watu, na siku kaka atakaponyang'anywa kompyuta yake kwenye kituo cha matatu, ile nzuri itakuwa imekwenda moja kwa moja.

Njia nyingine iliyozoeleka ni diski ya flashi. Hiyo nayo tunaijua. Imeingia saiba kuchapisha insha ya mtoto, imerudi na virusi, folda zote zimegeuka kuwa vijialama visivyofunguka. Au imebaki katika suruali, suruali imefuliwa.

Leo, msomaji, ningependa tuzungumze juu ya njia ya tatu, ambayo ni kuweka seva ya FTP nyumbani. Neno seva lisikutishe. Si lazima liwe sanduku kubwa linalovuma kama friji katika ofisi ya benki. Seva ni kompyuta yoyote iliyopewa kazi ya kungoja watu waje kuchukua au kuweka vitu, kama ghala lenye mlinzi mlangoni. Ile kompyuta nzee ya mezani iliyofunikwa kitambaa inaiweza kazi hiyo vizuri sana.

Kwanza kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ruta ya nyumbani, kile kidude chenye taa kinachogawa waifai, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuiunganisha nyumba na dunia, na hiyo ndiyo unayolipia kila mwezi. Ya pili ni kuviunganisha vyombo vya nyumbani vyenyewe kwa vyenyewe, na hiyo haina ada. Mwezi ukichacha, mkashindwa kulipa, kampuni ikikata mtandao, kwa kawaida ruta huendelea kuwaunganisha kaka na dada kama kawaida, maadamu kuna stima. Watu huizima kwa hasira wakidhani imekufa, kumbe nusu yake ingali hai.

Tupige hesabu kidogo, nanyi wanafunzi mnaweza kuirudia kwenye daftari. Gigabaiti moja ni kama megabiti 8,000. Mtandao unaopakia megabiti 10 kwa sekunde utachukua sekunde 800, yaani zaidi ya dakika 13, kuipeleka nje tu, na muda kama huo tena kuirudisha. Kompyuta mbili zilizofungwa kwa waya kwenye ruta ya kawaida ya megabiti 100 hupitishiana mzigo huohuo kwa muda wa dakika moja na nusu hivi. Kwa waifai hutegemea kuta na umbali, lakini dakika nne au tano si ajabu.

Sasa FTP yenyewe ni nini? Ni kanuni ya mazungumzo kati ya kompyuta mbili zinazohamishiana faili: nani aseme nini kwanza, na mwenziwe ajibuje. Ni kanuni ya kale. Iliandikwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, kijana kutoka India aliyekuwa katika chuo cha MIT huko Marekani, wakati mtandao wote duniani ulikuwa kompyuta chache za vyuo na maabara. Kanuni tunayoitumia hadi leo iliwekwa sawa mnamo Oktoba 1985 na Jon Postel na Joyce Reynolds. Intaneti kamili ilipofika Kenya miaka ya tisini, kanuni hiyo ilikuwa tayari ikitumika.

Leo wakubwa wa mtandao wameitupa. Vivinjari vya Chrome na Firefox viliondoa FTP mwaka 2021, na sababu yao ni ya haki, tutaifikia. Hata hivyo, kitu kisichofaa barabara kuu chaweza kufaa sana uani. Mkokoteni haupiti barabara ya Thika, lakini sokoni ndio unaobeba viazi.

Upekee wa FTP ni kwamba hutumia njia mbili. Ya kwanza ni ya maneno tu, nayo hupitia mlango nambari 21: mimi ni fulani, neno langu la siri ni hili, nionyeshe kilichomo. Ya pili ni ya mizigo, nayo hufunguliwa kila mara kunapokuwa na kitu cha kubebwa. Fikiria duka la jumla la Wakulima au Kongowea: bei unazungumza na mwenye duka kaunta, lakini gunia unalipokea mlango wa nyuma kwa mchukuzi. Kumbuka milango hiyo miwili, maana karibu matatizo yote ya FTP yanazaliwa hapo.

Kazi yenyewe haizidi alasiri moja ya Jumamosi. Nitaeleza kwa kompyuta ya Windows, kwa kuwa ndiyo iliyo katika nyumba nyingi. Pakua programu ya bure iitwayo FileZilla Server, na uichukue kutoka tovuti ya wenyewe, si katika tovuti za kupita zinazoongezea takataka. FileZilla, kwa faida ya wanafunzi, ilianza Januari 2001 kama kazi ya darasa ya Tim Kosse na wenzake wawili. Kuna mbili: FileZilla Server ni ya yule anayekaa ghalani, na FileZilla tupu ni ya mteja anayekuja kubisha.

Kabla ya kuiweka, tengeneza folda moja katika kompyuta hiyo, tuseme C:\Nyumbani, na ndani yake folda ndogo: Picha, Shule, Hati, na moja iitwayo Weka Hapa. Usikubali kamwe kufungua diski nzima ya C kwa watoto, hata kama ni werevu. Kisha ndani ya programu unda jina la kila mmoja katika nyumba pamoja na neno lake la siri. Programu itakuuliza njia mbili: ile watakayoiona watumiaji, ambayo ni alama ya mkwaju peke yake, /, na ile ya kweli, yaani C:\Nyumbani. Ukizigeuza haitakubali.

Kisha inakuja sehemu ambayo mimi naiona kuwa si ya ufundi hata kidogo, ni ya nyumba. Programu inakuuliza: fulani aruhusiwe kusoma tu, au kusoma na kuandika? Ukiwapa wote kila kitu, ndugu mdogo wa miaka sita atafuta picha za arusi ya wazazi akitafuta nafasi ya katuni, na katika FTP aghalabu hakuna pipa la kuokotea. Kwa hiyo Picha na Hati ziwe za kusoma tu kwa wote isipokuwa mtu mzima mmoja au wawili. Weka Hapa iwe ya wote. Mtu akiwa na picha mpya anaitupa humo, na mwenye dhamana anaihamisha mahali pake Jumapili jioni.

Na huyo mwenye dhamana anaona kila kitu. Jambo hili lisemwe wazi mezani kabla ya kompyuta kuwashwa. Msichana wa kidato cha tatu mwenye folda yake humo ajue kwamba baba, au kaka, au yeyote anayeketi kwenye kompyuta ile, anaweza kuifungua bila neno la siri lake, kwa sababu faili ziko wazi juu ya diski. Najua wazazi watakaosema hilo ndilo wanalolitaka. Mimi nasema mtoto akigundua mwenyewe, hataweka kitu humo tena, na mradi wake wa shule utarudi kuishi katika simu moja iliyopasuka kioo. Mambo ya siri yasikae katika seva ya familia, ya watoto wala ya wazazi. Vyeti vya kuzaliwa, hati ya shamba iliyopigwa picha, matokeo ya mitihani, hivyo ni vya nyumba. Barua za mtu ni zake.

Turudi kwenye waya. Kila chombo katika nyumba hupewa anwani na ruta, na mara nyingi huanza na 192.168. Anwani hizo zilitengwa kwa matumizi ya ndani katika waraka wa mwaka 1996, ndiyo maana jirani anaweza kuwa na anwani sawa na yako kwake na msigongane. Kwenye kompyuta ya seva fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, na utaiona. Tuseme ni 192.168.1.20. Ruta hupenda kubadilisha anwani hizi kama mwenye nyumba anayehamisha wapangaji, kwa hiyo ingia katika kurasa za ruta na uiambie iiwekee kompyuta ile anwani hiyo daima. Usipofanya hivyo, kila kitu kitafanya kazi leo na kukataa Alhamisi, nawe utamlaumu mtoto.

Kujaribu, anza karibu. Kwenye seva yenyewe fungua FileZilla ya mteja, andika anwani 127.0.0.1, ambayo maana yake ni mimi mwenyewe, pamoja na jina na neno la siri. Ikifunguka, ghala liko sawa. Ndipo uende kwenye chombo kingine uandike 192.168.1.20.

Hapa ndipo wengi hukwama, na inafaa tukae kidogo. Ikiwa hakuna jibu lolote, basi ukuta wa ulinzi wa Windows umefunga mlango. Tazama kwanza kama Windows inauhesabu mtandao wako kuwa wa hadhara, kana kwamba uko katika uwanja wa ndege. Ubadilishe uwe wa faragha. Ikiwa jina na neno la siri vinakubaliwa lakini orodha ya faili haiji, ukurasa unazunguka tu mpaka unachoka, basi kumbuka lile duka la jumla: kaunta iko wazi, mlango wa nyuma umefungwa. Umeruhusu mlango 21 peke yake. Ruhusu programu yenyewe ya FileZilla Server katika ukuta ule, au chagua katika programu milango maalumu ya mizigo, kwa mfano 50000 hadi 50100, kisha uiruhusu yote. Na kwa upande wa mteja chagua hali ya kungoja, ambamo mteja ndiye anayepiga simu zote mbili. Katika hali ya zamani seva ndiyo iliyompigia mteja kumletea mzigo, na ukuta wa mteja, ukiona mgeni anabisha bila kuitwa, humfukuza.

Kuna tatizo jingine linalowatesa watu wa nyumba za kupanga. Simu iko kwenye waifai, kompyuta iko kwenye waifai, lakini hazionani kabisa. Mara nyingi mmoja ameingia katika waifai ya wageni, ambayo imetengenezwa makusudi ili vyombo visionane.

Wanafunzi wanaopenda kutumia amri katika lile dirisha jeusi wajue kwamba amri ya ftp ya Windows huanza katika hali ya maandishi. Ukihamisha picha hivyo inaweza kuharibika. Andika binary kwanza, kisha uendelee.

Kwenye simu za Android utahitaji programu ya kusimamia faili yenye uwezo wa FTP, nazo ziko nyingi za bure, ikiwemo Material Files. Baadhi yake hata huigeuza simu yenyewe kuwa seva kwa kubonyeza mara moja, na hukuonyesha anwani yenye 2121 mwishoni, kwa kuwa Android haiziruhusu programu za kawaida kuushika mlango 21. Kwa aliye na haraka ya kuhamisha picha kutoka simu hadi kompyuta, hiyo inatosha bila kuweka kitu kingine. Wenye iPhone wajue kwamba programu ya Faili iliyokuja na simu haizungumzi FTP. Watafute nyingine.

Sasa ile sababu ya wakubwa kuitupa FTP. Kanuni hii ilizaliwa wakati watu wa mtandao walikuwa wachache na wanajuana. Jina na neno la siri husafiri wazi, herufi kwa herufi, kama kadi ya posta isiyo na bahasha. Faili nazo ni hivyohivyo. Mwenye ujuzi aliye kwenye mtandao uleule anaweza kuvisoma vikipita. Ukiwa na ruta yako mwenyewe na waifai yenye neno la siri ambalo halijui kila mtu, hatari ni ndogo. Lakini ni nyumba ngapi za Pipeline au Zimmerman zinazotumia waifai moja ya ploti nzima, mwenye nyumba amegawa neno la siri kwa wapangaji thelathini? Hapo unapoita mtandao wa nyumbani si wa nyumbani kwako. Ni ukumbi wa ngazi, na umeanika nguo zako ndani yake.

Dawa ziko mbili, na zote mbili zitumike. Nunua ruta yako ndogo, uichomeke nyuma ya ile ya ploti, na vyombo vyako viishi nyuma yake. Kisha katika FileZilla Server chagua kwamba kila mteja lazima atumie TLS, bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ambayo kanuni yake kwa FTP ilikamilishwa mwaka 2005. Mara ya kwanza mteja atakuonyesha cheti cha seva na kuuliza kama unakiamini. Ukiwa umekitengeneza mwenyewe, kubali. Utapoteza jambo moja: kidirisha cha kawaida cha faili cha Windows hufungua FTP ya kadi ya posta tu, hakijui bahasha, kwa hiyo kila mtu atumie FileZilla. Nadhani ni bei ndogo.

Utakutana pia na kijana mjuzi wa mtaani atakayekushauri ufungue mlango 21 katika ruta, ili baba aliye safarini Eldoret aone picha. Mkatalie. Kuna programu zinazopita usiku na mchana zikibisha milango ya mtandao wote duniani, hazina chuki nawe, hazikujui hata jina, zinajaribu tu maneno ya siri elfu kwa elfu. Baba atangoje arudi, au atumiwe picha mbili tatu kwa njia ya kawaida.

Mama mwenye kununua tokeni atauliza juu ya stima, na ana haki. Kompyuta nzee ya mezani inayokula wati 80, ikiachwa usiku na mchana, humaliza uniti karibu 58 kwa mwezi. Ikiwashwa saa tatu za jioni tu, ni uniti zipatazo saba. Kompyuta ndogo sana kama Raspberry Pi, isiyozidi ukubwa wa pakiti ya sigara, ikila wati 5 mchana na usiku haifiki uniti nne kwa mwezi, lakini ni lazima uinunue, na hutumia Linux, ambako programu mojawapo ya seva inaitwa vsftpd. Familia nyingi zinatosheka na zile saa tatu. Stima ya kwetu ikipotea ghafla wakati faili inaandikwa, faili hiyo inaweza kuharibika na pengine hata diski. Kompyuta ya mpakato yenye betri inayoshika ni afadhali kuliko ya mezani kwa sababu hiyo.

Diski hiyo moja sasa ina picha zote za nyumba, nayo siku moja itakufa, kama diski zote. Nunua diski ya nje, nakili C:\Nyumbani yote kila mwisho wa mwezi, kisha uitoe nyumbani. Shangazi wa Thika akiitia sandukuni mwake, mwizi atakayeingia kwako hataipata, wala moto hautaifikia.

Jumapili ijayo tutaangalia jinsi ya kuziingiza kompyutani kanda za kaseti na za video za miaka ya themanini, zenye sauti za wazee wetu. Mlio nazo chini ya vitanda, msizitupe kwanza.